Kigoda Chako Bado Kipo Jimu

Mpendwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Naanza hivyo makusudi, ili mke mwenzako Rehema ajue kwamba sikuandikii kwa kificho. Na wengine watakaosoma barua hii wasishtuke. Ulinichumbia nikiwa sina jino hata moja, ukawatangazia watu wa Kang'ata kwamba mume umempata, na tangu siku hiyo ukawa na haki ya kunisema utakavyo. Mama alinikemea kama mzazi. Wewe ulinisema kama mke aliyechoka na ndoa.

Nakumbuka nilipokwambia nafungua jimu ya mazoezi hapa Korogwe. Ulikuja na kigoda chako mkononi, ukasema hakuna mume anayenunua vyombo bila mkewe kuviona. Tukaenda wote kwa fundi wa kuchomelea. Benchi ulilijaribu mwenyewe: ukajilaza chali na kanga zako, ukafumba macho, fundi akadhani umezimia, kumbe ulikuwa unaonja usingizi. Ukasema hilo tulichukue. Stendi ya kuwekea chuma uliitikisa mpaka fundi akaomba uiache. Lakini kioo kikubwa cha ukutani, nilichosoma kwenye simu kwamba mpiga skwati, yaani mtu wa kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, hawezi kukikosa, ulikikataa katakata.

"Kioo cha nini na mimi nipo? Kioo kinakuonyesha tu, hakikusemi."

Vyuma vya uzito vilitushinda bei, tukaviacha dukani. Tukachukua makopo mawili ya rangi, tukayajaza zege, tukayafunga kwenye bomba, kazi ikaanza. Jioni ya kwanza nikaweka chuma mabegani, nikashuka kwa madaha yote ya mwenye jimu. Ukaangua kicheko.

"Mume wangu, mbona unaelekea Vugiri?"

Ilikuwa kweli. Kila nikishuka, bega moja lilikuwa linakwenda milimani. Ukanieleza sababu bila kusita: nilipokuwa mdogo ulinibeba mgongoni nikapenda kulalia upande mmoja, kwa hiyo ulinikunja wewe mwenyewe, na dawa ni kulalia upande wa pili. Nikalalia upande wa pili mpaka sikio likaniuma. Mwishowe nikayapeleka makopo sokoni kwenye mzani wa mahindi, nikakuta moja limejaa kokoto na ni zito kuliko mwenzake. Nilirudi nikitamba. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema mzani wa walanguzi haujawahi kusema kweli, na nisithubutu kurudia ubavu wa zamani.

Ulikuja kwa wiki moja, ukakaa moja kwa moja. Kila jioni kigoda kilikuwa pale karibu na mlango, na kila mwanamume aliyeingia alikuwa mumeo. Hukujua lolote kuhusu skwati, Bibi, tusidanganyane. Ulimsifu kijana aliyeshuka nusu tu kwa sababu eti alikuwa na heshima. Lakini mtu akikaa vibaya ulicheka, na ukicheka, mimi nilijua pa kutazama.

Unamkumbuka mwalimu mkuu? Magoti yake yalikuwa yanagongana na mgongo umepinda, na mimi nimesimama pembeni kimya. Ningemwambiaje? Huyo ndiye aliyenichapa darasa la tano, mpaka leo nikimwamkia najikuta nimeficha mikono nyuma. Wewe ukaweka kikombe cha kahawa chini.

"Mwalimu, mume wangu, hapo unachuchumaa au umeangusha chaki?"

Mwalimu akarudisha chuma kwenye stendi, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaniambia, "Haya, nionyeshe." Ni wewe uliyenifungulia mdomo siku ile. Mtu mwingine angesema maneno hayo, tungekwenda kuombana radhi kwa wazee.

Tulipotoka kukuzika Kang'ata nilinunua kile kioo. Nilinunua na vyuma vya kweli, vimeandikwa uzito wake, havielekei Vugiri wala popote. Jimu ikapendeza. Nami nikawa Kocha. Nikishuka na chuma nauliza, "Vipi?" wote wananijibu, "Safi, Kocha!" Nikigeuka nijitazame kiooni, najiona nimebana tumbo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Huku mgongo unauma. Maumivu yalianza kwa kunong'ona, yakaja kunizuia kuinama kuvaa viatu. Nikapunguza uzito, nikabadilisha viatu, nikalalia tena ule ubavu ulioniagiza. Wapi! Nilikuwa nimeshaamua kuacha skwati kabisa, na kocha asiyeweza kuchuchumaa afadhali auze jimu akafuge kuku. Nilikukumbuka, Bibi. Nilikukumbuka vibaya mno. Watu wote walikuwa wananiheshimu, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Jumamosi Rehema aliniletea chakula. Unamjua mke mwenzako alivyo na haya. Kwako alikuwa akicheka kwa kujiziba mdomo na kanga, na jimu haingii. Siku hiyo aliingia. Akakitoa kigoda chako nyuma ya mlango, akakipangusa vumbi, akakaa palepale pako.

"Piga nione," akasema.

Nikashuka, nikapanda, nikauliza vipi. Vijana wakaitikia kama kawaida, "Safi, Kocha!" Rehema akainamisha uso. Nikadhani ameona haya. Kumbe mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mume wa Bibi," akasema, "hapo unachuchumaa au unamwomba mtu msamaha?"

Mimi nikarudisha chuma kwenye stendi nikacheka hadi nikashika ukuta, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka, nayo hayakuwa ya kicheko. Kisha nikarudi chini ya chuma. Nikainua kifua. Nikashuka taratibu, nikapanda, na mgongo haukusema kitu.

Kioo nimempa kinyozi wa jirani. Pumzika sasa, mke wangu, wala usisumbuke kuja kutukagua. Ukiona wivu, ujue ni haki yako, lakini kigoda kimepata mtu.

Ni mimi mumeo asiye na meno,
mjukuu wako wa Korogwe.