Sifuri, Afande

Wodi ya Pili,
Hospitali ya Askari Wastaafu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi na watoto. Natumaini baridi imepungua na watoto wanaendelea vizuri na masomo. Huku tunapumua. Mvua imenyesha wiki nzima, bati la jikoni linavuja palepale, na shangazi bado anagombana na majirani, kwa hiyo afya yake usiitilie shaka.

Barua yako niliipata. Umeuliza habari za Baba kwa mstari mmoja, tena wa mwisho, chini ya habari za hali ya hewa. Sikulaumu sana. Kila ukipiga simu yeye mwenyewe hukujibu kwamba hajambo, na mimi nakaa pembeni nimefunga mdomo. Leo siufungi. Keti, maana barua hii ni ndefu na aliyeiandika ana hasira.

Unavikumbuka vile vipande vya chuma alivyorudi navyo nyongani kutoka vitani. Madaktari wa wakati ule waliviacha humohumo, wakasema atavizoea. Sasa amezeeka, nyama imepungua, chuma hakijapungua. Tangu mwaka juzi alikuwa akidungwa sindano ya maumivu kila jioni, na nakuapia, sindano ile ilimrudishia utu wake. Alikula, alilala, aliwatania wauguzi. Wodi nzima inamwita Mguu Sawa, kwa ile amri aliyowafokea makuruta miaka ishirini na miwili. Wenzake humcheka: Mguu Sawa mwenye mguu mbovu! Naye alikuwa akicheka nao.

Mwaka jana mwishoni wakaja watu wa utafiti. Wana kidonge kipya, wanataka kujua kama kinaweza kuchukua nafasi ya sindano. Jambo zuri, sikatai. Sindano ina ubaya wake, inalevya, inafunga choo, na kwa kazi yangu ya uhudumu mimi ndiye ninayejua choo cha nani kimefungwa. Kingefaa kweli, ningekuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Mkuu wa utafiti ni daktari mwenye cheo cha meja, na cheo chenyewe kipo mabegani, juu ya koti jeupe. Alisimama katikati ya wodi akawasomea wazee karatasi, kwamba kila mmoja yuko huru kukubali au kukataa. Wazee kumi na tisa wakajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, afande!" Akaandika kwamba wamekubali wote. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo, nikataka kucheka, nikaangaza macho nikaona hakuna mwenzangu wa kucheka naye.

Basi sindano zikasimamishwa kwa siku tisini za majaribio, wakawa wanameza kidonge, na kila siku saa mbili asubuhi meja anapita kitanda kwa kitanda na fomu yake. Maumivu yako leo ni ngapi? Sifuri maana yake huumwi, kumi maana yake umeshindwa kuvumilia. Ungewaona, Kaka! Mtu alikuwa amejikunja, anaguna, mara asikie viatu vya meja kwenye korido, ananyooka. Mikono ubavuni, kidevu juu, visigino vimebanwa pamoja chini ya blanketi. "Sifuri, afande." Kitanda kinachofuata: "Sifuri, afande." Siku moja mzee wa kitanda cha saba alithubutu kusema "Moja, afande," na wenzake hawakumsemesha mpaka chakula cha mchana.

Meja akishatoka tu, wodi inavunjika. Ndipo wanaponiita mimi. Binti, nigeuze. Mama, niletee maji ya moto. Dada, nishike mkono kidogo. Mbele yangu hawaoni haya, mimi mtu wa ndoo na mashuka, nina cheo gani? Baba alikuwa anatia taulo mdomoni na kuling'ata. Nilimuuliza ile namba mimi mwenyewe, meja hata hajafika mwisho wa korido. Akaniambia tisa. Kwa nini basi hukumwambia yeye? Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Askari haripoti maumivu kwa mkubwa wake," akasema. "Anaripoti yuko tayari."

Usidhani nilikaa nimekunja mikono. Nilichukua taulo lenyewe, limetoboka kwa meno, nikapiga hodi ofisini kwa meja. Alinisikiliza kwa adabu, sitamsingizia. Kisha akasema utafiti unaandika kile mgonjwa anachotamka kwa kinywa chake, na taulo haliwezi kujaza fomu. Nikamwomba aniachie mimi hiyo fomu niwe ninauliza, au yeye mwenyewe aje na shati tu, bila vyeo. Akatabasamu. Akasema nisiwe na wasiwasi, askari hawa anawajua, yeye mwenyewe ujana wake alipita mikononi mwa Baba akiwa kuruta. "Alitufundisha kutosema uongo," akaniambia. Nikalikunja taulo, nikatoka.

Siku tisini zikaisha, matokeo yakabandikwa ubaoni. Wodi ya Pili imefaulu kuliko wodi zote! Wakubwa walikuja, wakapongezana, wakapiga picha na keki, na wazee wetu wakawapigia makofi wakiwa vitandani. Kesho yake sindano zikaondolewa kabisa, wodi nzima. Kwani utamdungaje mtu asiyeumwa?

Sista mkuu wa wodi, Mungu amzidishie, alipeleka malalamiko hadi juu. Ikaundwa kamati ya watu watatu, ikakaa Alhamisi iliyopita. Walisema watamsikiliza mgonjwa mmoja kwa niaba ya wote, na wazee wakamchagua Baba, kwa kuwa ndiye mwenye sauti. Siku tatu nilizungumza naye. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Mwishowe akaniapia kwamba atasema tisa. Nikamnyoa ndevu, nikampigia shati pasi. Tulipotoka, wenzake walimtazama kama watoto wanaosubiri majibu ya mtihani.

Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlango wa chumba cha mkutano. Hapo akashika gurudumu. Anataka kuingia kwa miguu yake. Nikamwambia, Baba, hapana, waache wakuone ulivyo. Akasimama. Ilikuwa hatua saba, nilizihesabu, shati nililolipiga pasi likalowa mgongoni lote. Akafika mbele ya meza, akapiga saluti. Mwenyekiti wao, kanali, akamuuliza taratibu, hata kwa huruma: "Mzee wetu, unaumwa kiasi gani?"

"Sifuri, afande."

Nilimrudisha. Tulipofika karibu na chumba cha kufulia akaanza kulia. Baba, Kaka! Mimi na wewe hatujawahi kuyaona machozi yake, hata siku ya kumzika Mama. Akasema, "Nimewauza wenzangu, mwanangu. Mdomo ulijibu kabla yangu." Wodini nilitegemea watamlaani. Hakuna aliyemlaumu. Yule wa kitanda cha saba alisema wao pia wangejibu hivyohivyo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kamati imebakiza mlango mmoja. Mpaka mwisho wa mwezi huu, akiandika kwa mkono wake na kutia sahihi kwamba majibu yake hayakuwa ya kweli, sindano zitarudi kwa wote kumi na tisa. Karatasi ipo juu ya kabati lake, kalamu ipo kando. Hajaigusa. Anasema hawezi kutia sahihi kwamba alimdanganya mkubwa wake. Bora afe, anasema, na kwa anavyokonda simwoni kama anatania.

Sasa nakuja kwako. Sikuombi dawa wala hela. Nataka ukumbuke jinsi tulivyolelewa. Ulivunjika mkono una miaka tisa, ukala kwa mkono wa kushoto, ukaenda kulala, hakuna aliyejua mpaka asubuhi. Baba akakusifu mbele ya wageni, nami nikakuonea wivu. Mimi nimemzaa mtoto wangu wa kwanza akiwa amekufa, sikutoa sauti, na mkunga akasema, ama kweli huyu binti wa askari. Nilijivunia! Leo najiuliza nilikuwa najivunia nini. Nilimpenda mtoto yule, nilitakiwa kupiga ukelele mpaka mtaa wa pili wasikie.

Na wewe usinifiche, wifi ameshaniandikia. Najua kazi iliisha tangu Novemba. Najua kila asubuhi unatoka na mkoba, unakwenda kukaa maktaba mpaka jioni, ili watoto wako wasijue. Usimkasirikie wifi, ana mzigo wake.

Mwandikie Baba. Mwandikie yote hayo bila kupunguza, jinsi yanavyokuuma na mahali yanapokuuma. Mimi nilimweleza yangu, akanipapasa kichwa akasema mwanamke ana ruhusa. Kwako hana pa kukwepea. Wewe ndiye anayekusifia mbele ya wodi nzima, mwanangu chuma, mwanangu hajui kulalamika. Akisoma kwamba chuma nacho kinaumwa, na kimesema, huenda mkono wake ukapata nguvu ya kushika kalamu. Usipige simu. Kwenye simu utasema hujambo, naye atasema hajambo, mtaagana. Barua huchukua siku tisa kufika huko na tisa kurudi, mwezi umebakiwa na ishirini na mbili. Una siku nne za kuona haya, ya tano hakuna.

Shangazi anakusalimu, anasema akina mama wa huko wasikusahaulishe kwenu. Mjomba Kipara anakusalimu pia, na sista mkuu, ingawa hamjuani. Mbusu wifi na watoto kwa niaba yangu. Mungu akulinde, akufungulie riziki nyingine, na kabla ya hiyo akufungulie mdomo.

Baba naye anakusalimu. Yuko hapa mbele yangu ninapoandika, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Nimemuuliza nikuambie nini. Anasema nikuambie yeye ni mzima kabisa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote.