Kichwa Namba Saba Kimeiva

Jumatatu, 10 Novemba
Gye-suk wa saluni kaniambia anafunga mwisho wa mwezi. Nimeduwaa! Miaka ishirini na mbili ananitia kalikiti huyu. Eti wateja wanne kwa siku, bora aende Incheon kulea mjukuu. Nikamwambia, we mdogo wangu, kuponi za serikali za kununulia vitu zinaisha tarehe thelathini, watu wanazo bado, na maduka makubwa hayazipokei. Watakuja! Akasema, wakija nitawaweka wapi, Dada? Kiti kimoja.

Ijumaa, 14 Novemba
Wamekuja! Mabibi wa vijiji vyote, foleni mpaka kwenye meza yangu ya dagaa. Kila mmoja akae kitini saa nzima dawa ishike — wapi! Basi Gye-suk, yule mwanamke ana akili jamani, anasokota rola, anafunga kichwa nailoni, anakupa namba: nenda kanunue mboga zako. Anakaa mwingine. Dawa ikishika anampigia simu Mzee Pyo wa kabichi, mwenye kipaza sauti. Mzee anakohoa kwanza. Akinadi kabichi hakohoi, akiita vichwa anakohoa — heshima hiyo! "Namba saba! Kichwa kimeiva!"
Bibi namba saba akamjibu, "Kuliko kabichi zako!" Soko zima hoi kwa kicheko.
Vichwa kumi na moja leo. Kiti kilekile, mikono ileile!

Jumatano, 26 Novemba
Kumi na tatu. Na mimi kanitia dawa na kuniosha palepale, kichwa kama koliflawa. Mabibi wakizunguka na nailoni zao wananunua na dagaa.

Jumapili, 30 Novemba
Kuponi mwisho leo. Mwenye jengo anataka jibu kesho adhuhuri, anabaki au anaondoka. Gye-suk kasema, wateja wa kuponi si wangu, Dada, wa serikali. Kesho akija hata mmoja kwa hela yake, nabaki.

Jumatatu, 1 Desemba
Nimempelekea kichwa changu. Kanifukuza! "Juzi tu nimekutia dawa, Dada, unataka upara? Na huruma sitaki."
Nimerudi mezani, naandika kwenye karatasi ya kufungia dagaa. Lori la figili limeziba mlango wa saluni, sioni anayeingia. Mzee Pyo: kabichi, kabichi.
Saa tano na nusu. Mwenye jengo kapita, mikono nyuma. Kabichi, kabichi.
Mzee kanyamaza. Kashika simu — anaitikia kwa kichwa — kachukua kipaza sauti.
Kakohoa.