Mama Alitoa Mtamba, Mimi Nikatafsiri "Pole"

Bi Rozmin mpendwa, nimebanwa na aibu niliyojitakia, nisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni nesi, naishi ughaibuni, mtaa wa Thorncliffe Park, na mama yangu, mfugaji wa Pokot Magharibi, alikuja kunisaidia kulea mtoto, akafanya urafiki na jirani yetu Oyuna, mama wa Kimongolia, ingawa hawana lugha moja na mkalimani ni mimi. Mwezi uliopita Oyuna alipata habari kwamba dhoruba ya theluji imepiga kwao siku nne mfululizo na kaka yake, mfugaji pia, amebaki na kondoo thelathini na farasi mmoja, mama akashangaa, "Theluji inamuuaje mnyama mwenye manyoya?" Oyuna akaeleza kwamba theluji iliyeyuka kidogo ikaganda tena, nyasi zikafungiwa chini ya barafu, mifugo ikafa njaa ikiwa imesimama juu ya malisho yake, na kesho yake nikamkuta mama nyuma ya jengo anachimba theluji kwa mwiko wa ugali, azione nyasi kwa macho yake.

Tangu hapo ni maswali tu, wanyama hunywa nini maji yakiganda, waliobaki ni wa rangi gani, mpaka Jumapili mama aliposimama akasema, "Mwambie kaka yake nimempa mtamba wangu mwekundu, yule mwenye baka jeupe." Bi Rozmin, ng'ombe yuko Kenya, mtu yuko Mongolia, nikaona Oyuna atatucheka, nikamwambia kwa Kiingereza, "Mama anasema pole sana."

Kwetu anayepewa ng'ombe hupokea kwa neno, na mama anangoja neno hilo, haendi tena kwa Oyuna, jana ameniuliza, "Au ng'ombe wetu ni wadogo kwao?" Ijumaa mama anarudi Kenya. Nifanyeje?

Mkalimani Mwongo

Mkalimani wangu,

Pole, lakini nitakugombeza kwanza. Mtamba hakuwa wako, hivyo hukuwa na haki ya kumzuia mlangoni. Na kicheko cha nani ulichokiogopa? Oyuna ni binti wa wafugaji. Pengine katika jengo lenu zima ni yeye peke yake anayejua uzito wa zawadi hiyo.

Wadhani mama yako hajui Mongolia ni mbali? Ulimuuliza alikusudia nini? Mimi natamani kujua! Umetafsiri maswali yake yote, lako hata moja hukuuliza.

Leo ukitoka kazini usivue koti. Mchukue mama, gonga kwa Oyuna. Anza na mama: "Sikufikisha maneno yako, niliona haya." Atakasirika, vumilia. Kisha mwambie Oyuna neno kwa neno, rangi na baka, bila kupunguza. Jibu lake, hata likiwa kilio, lifikishe lote.

Nyongeza: Ijumaa ilikuwa karibu, nikampigia dada huyu simu mwenyewe. Alikwenda. Mama alikasirika kweli, kisha akaeleza: mtamba atakaa zizini kwake Kenya kwa jina la kaka yule, na ndama wake wote ni wa kaka. Oyuna alilia, akampigia kaka yake hapo hapo. Kaka huyo, mzee tayari, akapokea zawadi kwa mikono miwili mbele ya kamera, akauliza jambo moja tu: "Huyo mtamba, wakati wa baridi analala wapi?"

Mama akacheka. "Mwambie kwetu hakuna baridi. Kwetu kinachoua ni kiu."

Mzee akasogea karibu na simu. "Kiu inamuuaje mnyama?" akauliza. "Nieleze."

Wakakaa wakiongea kwa saa mbili.