Bomba la Jikoni

Ngulyati, Bariadi

Mpwa wangu Masunga,

Mwangaluka, umeamkaje huko mjini? Huku mvua imenyesha, pamba imeota, na bomba ulilomvutia mama yako mpaka jikoni linamwaga maji kuliko diwani anavyomwaga maneno. Watu husema maendeleo yamefika kwa mama yako Nyanjige, na geti limefungwa yasitoroke.

Kwenye simu atakuambia hajambo. Mimi nakuambia alianguka jikoni, akalala sakafuni mpaka kelele za mbuzi wasiofunguliwa ziliponivuta. Zamani asingeonekana kisimani asubuhi moja tu, wanawake wangekuja kumgongea. Safari hii kila mtu alidhani yuko ndani anafaidi.

Alipopata nafuu nilikuta geti wazi, ndoo za majirani zimejaa uani, Kabula anamtania:

"Mama Mjini, maji yako yana sukari?"

"Yana umbea. Ndio niliokuwa naukosa."

Nikamwambia, "Dada, Masunga atalia na bili."

"Alie akiwa bado ana mama."

Kwa hiyo bili ikipanda, usiite fundi. Lipa, ujue mama yako ameamka.

Mjomba wako,
Ngeleja