Nge na Mwindaji Wameonekana Pamoja

Chepkoilel, Eldoret
Mwezi wa Mei

Kwa dada yangu Auma,

Hamjambo huko Kendu Bay? Mgongo wa Mama umetulia, ama bado anang'ang'ania kuinama shambani? Mimi ni mzima, ila baridi ya Eldoret haijanizoea wala mimi sijaizoea.

Ujumbe wako niliupata: "Mama anauliza sikukuu ya Madaraka ni zamu ya nani kuja kwake." Nimekaa nao wiki nzima. Najibu kwa kalamu kwa sababu kwa simu najua ningekata.

Unajua hapa chuoni nasafisha maabara ya fizikia. Jumatatu, baada ya chakula cha jioni, Mwalimu Kiptoo aliwatoa wanafunzi uwanjani waangalie nyota, nami nikabeba viti. Akawasimulia hadithi ya Wagiriki: mwindaji mmoja alijigamba kwamba ataua kila mnyama duniani, akatumiwa nge, nge akamuua. Wote wawili wakawekwa angani, lakini wakatenganishwa. Mmoja akichomoza, mwingine anazama. Auma, nilifikiria Krismasi zetu tatu. Wewe ukiingia langoni, mimi niko steji ya matatu na begi, naondoka, na Mama anapika mara mbili.

Nikamwambia Mwalimu kwamba kwa nyota za gazeti nge ndiye mimi, nilizaliwa mwanzo wa Novemba. Akacheka.

"Madam, hizo tarehe za gazeti ni za kitambo sana. Dunia inayumba polepole, nyota zimesonga. Siku yako ya kuzaliwa, jua linakuwa kwa nyota za Mizani, si za Nge."

Nilicheka hadi nikashika kiti. Tangu mazishi ya Baba, uliponiita nge mbele ya wajomba, nimebeba mkia usio wangu!

Lakini wacha niseme ukweli. Jina la mumeo halikuwa kwenye kijitabu cha mazishi, nami nikaapa kwamba nililisahau. Sikulisahau. Nililiacha makusudi, kwa sababu nilimkasirikia alipochelewa kuja kwa Baba hospitalini. Hiyo si nyota, ni mimi. Nisamehe, na umwombe Shemeji anisamehe. Kuandika hivyo tu, nimepumua.

Sijamaliza. Nilipokuwa nakusanya viti Mwalimu akaniita. "Na hiyo ya kutokutana ni stori ya watu wa kaskazini. Sisi tuko karibu na ikweta. Angalia huku, halafu ugeuke."

Magharibi, juu ya mashamba ya mahindi, mwindaji alikuwa anazama. Nikageuka. Mashariki nge alikuwa ameshatoa kichwa, mkia bado uko chini. Wote wawili, Auma, jioni moja! Nilitokwa na machozi na sikuona haya.

Nisalimie Shemeji, na mwanao yule wa kidato cha pili, na shangazi yetu muuza omena, mwambie bado namkumbuka kila nikiona samaki wa huku.

Jibu langu kwa Mama ni hili: zamu ni yetu sote. Nitafika Ijumaa saa sita. Usiondoke. Mwambie safari hii apike mara moja tu, si mbili.

Mdogo wako,
Akinyi