Faili la Bi Lorna

Tess, upo? Nimejifungia chooni kazini.

Unamkumbuka Bi Lorna Pruitt, yule mhudumu wa wagonjwa anayesoma hapa chuoni? Alibakiza somo moja tu la saikolojia ahitimu Mei. Januari alikuja nimshauri: afanye mtihani wa dakika tisini ahesabiwe somo bila kukaa darasani, au aandike faili la kueleza alichojifunza maishani, kamati ya chuo ilipime.

Mimi ndiye niliyemwambia aandike. Nilisema mtihani haumjui mtu. Nikasema, "Andika yote, usifiche kitu." Mimi, Tess!

Akaandika kurasa arobaini za jinsi alivyomuuguza mwanawe Dale mpaka akafa.

Kamati imekataa. Nimemsomea jibu ana kwa ana: "Huu ni uzoefu, si elimu." Nilijua wanataka yanayolingana na mtaala tu. Nilijua, na sikumwambia.

Hakulia. Aliuliza polepole, "Kwa hiyo sikujifunza kitu?"

Sikujifunza kitu. Bado naisikia.

Nikababaika kwamba usajili wa mtihani uko wazi hadi Ijumaa. Akacheka. "Mtihani ningeufanya Januari, binti. Hao wenzako walitaka Dale afe mara ngapi ndipo nifaulu?"

Kisha akavaa koti, akaniambia nisijali, mimi bado mdogo. Nisijali!

Faili ameliacha mezani kwangu. Amesema hawezi kurudi nalo nyumbani. Juu kabisa kuna picha ya Dale, anatabasamu.

Tess, niliweke wapi?