Bawa la Upepo Mdogo

Efrazia mwanangu,

Mkirudi kutoka kliniki, uji wa Aron uko kwenye chupa ya chai. Ng'ombe mpe majani mchana. Mimi niko kanisani, ni zamu yangu ya kufagia.

Lile bawa la kitambaa unalofundishia wageni kuvutwa na upepo baharini nimelitoa upepo, liko stoo. ~~Lirudishe Tanga leo hii.~~ Kaa nalo, lakini usilijaze tena huku mlimani. Ulisema limekuwa kubwa hivyo kwa sababu ni la upepo mdogo. Upepo wetu ukipanda kutoka bondeni hauna udogo!

Asubuhi uliniachia nilishike ukafuate kamba, ukasema, "Mama, usiliachie." Basi sikuliachia. Miguu ilipoacha ardhi pale juu ya genge la kushukia bondeni, nikazidi kuling'ang'ania, maana ni mali ya kazini kwako. Ulipiga kelele niliachie, wapi, mpaka uliponivuta gauni.

Unadhani natetemeka kwa sababu ya genge. Mwanangu, muda wote ule nilisahau kuwa nimembeba mwanao Aron mgongoni.

Mbebe mwenyewe kwanza, mpaka mikono hii itulie.

Mama yako